Usingizi wa Baba Mkwe

Mzee Andendekisye alisinzia katikati ya maelezo. Nesi Joyness alikuwa ameunyoosha mkanda mezani, anaonyesha upande unaokaa kifuani na upande unaozunguka mgongoni, mara kidevu cha mzee kikashuka na mkoromo ukaanza palepale kwenye kiti cha plastiki, asubuhi kweupe. Ipyana, mwanawe, akanyoosha mkono amguse. Nesi akamzuia.

"Mwache kidogo. Sikiliza."

Mkoromo ukapanda, ukapanda, kisha ukakatika. Chini ya koti kifua cha mzee kilikuwa kinahangaika, lakini hewa haikuingia wala haikutoka. Ipyana akajikuta na yeye ameacha kupumua. Halafu mzee akashtuka kama mtu aliyetolewa majini, akavuta hewa kwa kishindo, akafungua macho na kusema, "Endelea, mama, nakusikia."

"Shida yenyewe ndiyo hii," Joyness alimwambia Ipyana. "Akilala koo linaziba. Ubongo unamwamsha kidogo, anavuta hewa, analala tena, koo linaziba tena. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Ndiyo maana mchana anasinzia hovyo. Siku moja ubongo unaweza ukachelewa kumwamsha."

Ipyana hakuuliza ukichelewa inakuwaje. Alimtazama baba yake anavyopangusa mate kwa kiganja na kujifanya anatengeneza ndevu, akaona huruma na aibu kwa pamoja, akaangalia dirishani.

Kifaa kilikuwa kwenye majaribio. Zamani, nesi alieleza, mtu mwenye tatizo hili alilazwa hospitali kubwa mbali huko, akabandikwa nyaya kichwani. Hiki hakikuwa na sindano wala nyaya. Mkanda mwembamba kifuani, kitu kama pete kidoleni, basi, na mtu analala nyumbani kwake kitandani kwake. Vyote viwili viliongea na simu ambayo mradi uliwaazima. Watafiti walitaka kujua kama kitasoma vizuri kwenye nyumba za watu. Na yule ambaye kifaa kitaonyesha hali yake ni mbaya, mradi ungempa mashine ya kupuliza hewa puani akiwa amelala, akae nayo. Mashine zenyewe zilikuwa chache. Ya kununua dukani familia hii isingeiweza hata ikiuza mabati ya nyumba.

"Atavaa usiku wa leo, wa kesho na wa kesho kutwa," Joyness alisema. "Simu ikilia, jua pumzi imesimama kwa muda mrefu. Mnamgusa, mnamgeuza alalie ubavu. Nani atakaa na simu?"

"Mimi," Ipyana alisema.

"Na mke wako? Si yule pale nje?"

Nje, kwenye benchi la korido, Faustina alikuwa amekaa akiupa mlango mgongo, kitenge amejifunika mpaka kwenye paji la uso. Hakukuwa na baridi. Ipyana akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kueleza mambo ya kwao kwa watu wa ofisi.

"Yeye hahusiki na mambo ya baba."

Joyness alikuwa mgeni Mbeya. Akadhani wamegombana.

*

Hawakuwa wamegombana. Kwao Mzee Andendekisye, huko Tukuyu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hapiti mbele yake, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, hamwelekezei maneno. Wanyakyusa wengi wameshaacha, na vijana wa mjini wakisikia wanacheka. Lakini mzee hakuwa ameacha, na Ipyana, pamoja na diploma yake ya ufundi wa pampu na simu yake ya kisasa, hakuwa na ubavu wa kuwa wa kwanza kuacha. Faustina alikuwa Mhehe, wa ukoo wa Kalinga, kutoka Ipogolo, Iringa. Mambo haya alifundishwa jioni moja tu baada ya harusi na wifi yake mkubwa, Tupokigwe, mwanamke asiyerudia maneno. Tangu siku hiyo kandambili za baba mkwe alizijua kuliko sura yake.

Na msidhani ilikuwa mateso. Mzee naye aliilipa heshima hiyo kwa heshima. Hakuwahi kumsema Faustina vibaya, hakuwahi kukosoa chakula chake. Kila msimu alimtumia mkungu wa ndizi na galoni la maziwa ya mgando, na alipojifungua Happy mzee alituma ng'ombe. Faustina alimpenda mzee huyo asiyemjua uso, na kama angeulizwa angesema hivyo bila kuona haya.

Tatizo lilikuwa nyumba. Nyumba yao ya Ilemi, hapo Mbeya, ambako mzee alikuwa amefikia kwa ajili ya matibabu, ilikuwa na vyumba vitatu na korido nyembamba ambayo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Ikawa kazi ya Happy, mwenye miaka sita, kutangulia na kupiga kelele, "Babu anapita!" na mama yake akaingia nyuma ya mlango wa jikoni, hata kama mikono imejaa unga. Mzee alilala kwenye kitanda cha Happy, na Happy kwenye godoro chini, chumba hichohicho.

Jioni ileile ya kwanza Ipyana akapigiwa simu na bosi wake. Pampu ya mradi wa maji imekufa Igowole, Mufindi, kijiji kizima hakina maji, gari linapita kumchukua.

"Huwezi kukataa?" Faustina alimuuliza jikoni, kwa sauti ya chini.

"Nikatae, halafu? Kuna vijana wangapi wanaitaka kazi hii?" Akamwekea simu ya mradi kwenye meza, karibu na nyanya. "Baki nayo wewe. Si kumwangalia baba. Ni kuangalia simu tu."

"Ikilia?"

"Mwamshe Happy amguse babu yake."

"Happy akilala unaweza kumbeba mpaka Uyole asijue."

Ipyana akakuna shingo. Honi ililia nje. "Basi gonga ukuta," akasema, akachukua begi.

*

Usiku huo simu ililia mpaka Faustina akaacha kuhesabu. Kila ilipolia alichukua mchi wa kinu akagonga ukuta uliotenganisha chumba chake na cha mzee, na upande wa pili mzee akashtuka, akavuta hewa, akaendelea kukoroma. Kukicha mikono ilikuwa inamuuma na kwenye rangi ya ukuta kulikuwa na shimo linaloingia ngumi. Lakini baba mkwe alikuwa hai, na mambo yote yalikuwa yameandikwa ndani ya simu. Faustina aliwaza, akipika chai, kwamba mashine ile wataipata.

Mzee alikaa sebuleni na kikombe chake. Faustina alikuwa jikoni, mlango umeegeshwa. Happy alisimama katikati.

"Happy, muulize mama yako nani alikuwa anatwanga usiku."

Mama alikuwa amesikia, lakini hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Happy akageuka. "Mama, babu anauliza nani alikuwa anatwanga usiku."

"Mwambie babu ni mimi. Simu ilikuwa inalia."

"Babu, ni mama. Simu ilikuwa inalia."

"Simu gani hiyo?"

Hapa mtoto hakuona haja ya kumuuliza mtu. "Ile ya nesi, babu. Ukiacha kupumua inamwambia mama."

Kikombe kikatua mezani. "Anayo mama yako? Si baba yako?"

"Baba amesafiri. Anayo mama. Ina mstari unapanda na kushuka. Mama alinionyesha asubuhi. Huo mstari ni wewe."

 Faustina, nyuma ya mlango, akashika kitasa, akakiachia. Alitaka kusema kwamba hakuangalia kwa ubaya, kwamba aligonga tu, lakini angemwambia nani? Maneno ya namna hiyo humpi mtoto wa miaka sita apeleke.

Mzee Andendekisye alikuwa mzee wa kanisa la Moraviani kwa miaka mingi. Usingizi wake aliwahi kuusikia mtu mmoja tu, marehemu mkewe, na yeye alikwenda nao kaburini. Sasa mke wa mtoto wake alikuwa amekesha na pumzi zake kiganjani. Kwake yeye ilikuwa sawa na kukutwa bafuni bila nguo, tena usiku kucha, na aliyemkuta hakuondoka. Alikaa pale anatazama chai inayopoa, na moyo wake ulimuuma kwa namna ambayo hakuna daktari angeielewa.

"Mwambie mama yako chai ni nzuri," hatimaye alisema.

*

Usiku uliofuata simu haikulia.

Faustina alikaa kitandani, mchi mapajani, akitazama mstari. Ulikuwa unapanda na kushuka taratibu, mwembamba, laini, na juu yake alama ya kijani. Lakini ukutani alisikia vingine. Alisikia mkoromo uleule unapanda. Akasikia unakatika. Akasubiri, macho kwenye simu, na simu ikaendelea kuchora mstari wake mzuri kama hakuna lililotokea. Upande wa pili kimya. Kimya. Halafu kile kishindo cha hewa.

Alijiambia masikio yamezoea jana. Akajiambia labda kitanda ndicho kinacholia. Aligonga ukuta mara mbili hivi, akaona aibu, akaacha, kwa sababu kifaa kilisema kijani na yeye alikuwa mama wa nyumbani aliyeishia darasa la saba.

Akampigia Ipyana. Igowole, Ipyana alikuwa gesti na mafundi wenzake wawili, Amos na Anania, wanakula chipsi kwenye gazeti. Simu aliiweka sauti ya juu bila kufikiri, wote wakasikia.

"Simu inasemaje?" aliuliza.

"Inasema salama. Lakini baba Happy, mimi nasikia."

"Unasikia nini?"

"Nasikia anakata pumzi. Nimesikiliza tangu alipolala."

Amos akacheka. "Kaka, mkeo anasikiliza mzee anavyolala? Makubwa hayo." Anania akasema jambo kwa Kinyakyusa, na hapo kicheko kikawa cha wawili. Ipyana akazima ile sauti ya juu, akatoka nje kwenye baridi ya Mufindi, uso umemvimba kwa hasira ambayo hakujua aielekeze wapi.

"Nilikwambia uangalie simu," alisema. "Sikukwambia usikilize usingizi wa baba yangu. Unanifanya nionekane nini mbele za watu?"

"Mimi naogopa, Ipyana."

"Kifaa kimetengenezwa na watu waliosoma. Kikisema salama ni salama. Lala."

Usiku wa mwisho mambo yakawa yaleyale: mstari laini simuni, na ukutani mtu anayezama na kuibuka. Asubuhi Faustina alimwogesha Happy kwenye beseni uani, na alipomvua fulana akaona kifuani, chini ya chuchu, alama nyekundu imezunguka mpaka mgongoni, upana uleule wa mkanda. Kidole gumba cha mtoto nacho kilikuwa na duara.

"Hii nini?"

Happy akaangalia maji. "Babu alisema nisiseme."

"Mimi mama yako."

"Alisema kinamwasha kifua, nimsaidie kuvaa. Alisema nikivaa mimi, mama atalala vizuri, hatatwanga."

Faustina alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, sabuni mkononi. Hakumkasirikia mzee hata kidogo. Alimwelewa, na kumwelewa huko ndiko kulikomtisha.

*

Aliwapigia kwao Ipogolo kabla hajampigia mumewe.

"Kamwene, mama."

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, malori ya barabara kuu yakisikika nyuma yake. "Sisi huku baba mkwe akianguka tunamwinua," alisema. "Lakini ndoa ni yako, mwanangu. Mimi nikikwambia sema, wakikurudisha utasema mama ndiye aliyenituma. Kasali, halafu useme."

Ipyana alirudi mchana huo na gari la kazini, viatu vina tope la Igowole. Faustina alimweleza jikoni, akamwita Happy, akamwonyesha kifua cha mtoto. Ipyana aliitazama ile alama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Happy aende akacheze.

"Kwa hiyo unataka nikamwambie daktari baba yangu ni mwongo."

"Nataka apate mashine."

"Mzee wa kanisa. Amevalisha mtoto kifaa cha hospitali. Unajua Tupokigwe akisikia atasema nini? Atauliza mke wako alikuwa anafanya nini na usingizi wa baba mpaka baba akaamua kujificha. Atauliza hivyo, Faustina. Na mimi sitakuwa na jibu."

"Muulize basi mwenyewe. Wewe ni mwanawe."

Akaenda. Faustina alisikia kila kitu kupitia mlangoni, na hakikuwa kirefu.

"Baba, kile kifaa ulivaa?"

"Nilivaa."

"Siku zote?"

"Ipyana, nimesema nilivaa."

"Ndaga, tata," Ipyana akasema, akimshukuru baba yake kwa Kinyakyusa, na akarudi jikoni na uso wa mtu aliyetua mzigo. Mtoto aliyelelewa vizuri haulizi mara ya tatu. Ninyi mnaweza kumlaumu. Mimi nimemwona Ipyana akiwa juu ya mnara wa tangi kwenye upepo, bila kamba, na sijawahi kumwona anaogopa. Sebuleni kwake mwenyewe aliogopa.

Kliniki, daktari aligeuza kompyuta waone. Usiku wa kwanza, alisema, data ilikuwa mbaya mno, lakini inawezekana mkanda ulilegea, hutokea sana watu wakivaa mara ya kwanza. Usiku wa pili na wa tatu data ilikuwa safi kabisa na ndiyo waliyoitegemea. "Mzee wetu analala kama mtoto," alisema akitabasamu. Mzee Andendekisye hakutabasamu. Ipyana alikohoa. Mashine angepewa mwingine, mzee apunguze chumvi na mwili.

Joyness hakuridhika. Alikuwa amemsikia mzee kwa masikio yake siku ile. Akatoka mpaka kwenye benchi, akakaa karibu na Faustina aliyejifunika kitenge.

"Mama, nimeambiwa ni wewe uliyekuwa na simu. Kuna kitu ulikiona ambacho hakiko kwenye simu? Niambie tu. Tunaweza kurudia."

Faustina akainua uso. Mlangoni, nyuma ya nesi, Ipyana alikuwa amesimama. Hakumkunjia uso wala hakumtishia. Alikuwa anamwomba kwa macho, kama mtu anayeomba asivuliwe nguo sokoni, na nyuma yake ndani ya chumba zilionekana kandambili za mzee, zimetulia, zinasubiri jibu lake.

"Hakuna," Faustina alisema.

Neno lenyewe lilitoka jepesi. Joyness alikaa kidogo zaidi, akampigapiga goti, akainuka.

*

Tupokigwe angekuja Jumamosi kumchukua baba yake warudi Tukuyu. Mpaka Jumamosi, Faustina alijipa kazi ya kusikiliza. Mkanda ulisharudishwa, simu ilisharudishwa, kulikuwa na yeye na mchi tu. Usiku Ipyana alilala amempa mgongo, na kila alipogonga ukuta alimsikia mumewe anabadilisha upumuaji, yaani yuko macho.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Happy alikuwa shule, Ipyana kazini. Mzee alikula ndizi na maharage, akamaliza sahani, akaingia kulala. Faustina alikaa jikoni anachagua mchele. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, ilibidi atege sikio. Mkoromo ukakatika, akaenda chumbani kwake akagonga, ukarudi. Akarudi kwenye mchele. Ukakatika tena, akagonga, ukarudi.

Mara ya tatu aligonga na haukurudi.

Aligonga kwa nguvu, plasta ikamwagika miguuni. Akangoja kile kishindo cha hewa. Mvua. Akatupa mchi, akatoka kwenye korido mpaka mlangoni kwa mzee, ambako palikuwa na pazia tu, pazia la maua alilolishona mwenyewe. Mkono ukalishika pazia.

"Baba?"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia yeye mwenyewe. Hakujibiwa. Mkono ukabaki kwenye pazia, na ndani ya kichwa chake alimsikia Tupokigwe, jioni ile baada ya harusi, akisema kitanda cha baba usikione mpaka unakufa. Alijua anachotakiwa kufanya. Nesi alisema wamguse, wamgeuze ubavu. Kazi ya mkono mmoja.

Akageuka akakimbia kumwita mtu.

Mama Esnath, Msafwa wa nyumba ya pili, alikuwa anasuka mkeka barazani. Alikuwa na goti bovu na hakuwa mtu wa haraka. "Baba mkwe hapumui," Faustina alisema, "njoo umguse, njoo uingie."

"Hapumui? Na wewe ulishindwa nini kumgusa?"

 Faustina alimshika mkono wakatoka kwenye mvua, lakini tope lilikuwa jingi na mama Esnath alikanyaga kwa hofu, mguu mmoja, halafu mwingine, akisema, "Polepole, mwanangu, nitaanguka." Walipofika kwenye uzio Faustina aliuachia ule mkono, akakimbia, akapita korido, akalivuta pazia likakatika na waya wake.

Mzee alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Faustina akamgeuza ubavu. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akamtikisa, akampiga mgongoni kwa kiganja, akamwita baba, akamwita kwa jina, lile jina ambalo hakuwahi kulitamka, Andendekisye, Andendekisye, mara nyingi. Akapanda kitandani akamwinua kwa kwapa, akamwegemeza kifuani mwake. Pumzi moja ikamtoka mzee, ndefu, yenye joto, ikampiga Faustina shingoni. Alisubiri aivute nyingine. Alisubiri mpaka mama Esnath akafika mlangoni, maji yanamchuruzika, akamkuta amekaa kwenye kitanda cha baba mkwe wake, kichwa chake amekipakata, anamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

*

Ipyana alipofika, swali lake la kwanza halikuwa baba amekuwaje. Mama Esnath alishamwambia kwenye simu.

"Nani aliingia?"

"Mimi," Faustina alisema.

Ipyana alilitazama pazia sakafuni, akakitazama kitanda. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Hapana," alisema. "Aliingia mama Esnath. Wewe ulikuwa jikoni. Umesikia? Mama Esnath, tafadhali. Ndugu zangu wakija ni wewe uliyemkuta."

Mama Esnath aliwatazama wote wawili kama anawaona leo. "Kama ndivyo mnavyotaka, baba Happy," alisema. "Mimi sina neno."

"Ipyana, aliponitoka mikononi..."

"Ulikuwa jikoni," Ipyana alisema, na safari hii aliangua kilio kwa sauti, akajishika kichwa, na Faustina hakuweza kuendelea.

Walimzika Tukuyu, nyuma ya nyumba yake, kwenye shamba la migomba, Jumamosi ileile aliyotakiwa kurudi. Ukungu ulishuka mapema. Kwaya iliimba, mchungaji akasema mzee amelala usingizi wa amani, na watu wakaitikia amina. Kabla ya kufunga jeneza watu walipanga mstari kumuaga. Faustina alikaa nyuma kabisa na wanawake wa jikoni, uso chini, kama alivyofundishwa.

Tupokigwe mwenyewe ndiye aliyekuja kumfuata. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Akamwinua, akamkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Leo unaruhusiwa, wifi," alisema. "Leo imekwisha. Njoo umtazame." Akamshika kiuno, wakatembea. Wanawake wakawapisha. "Ipyana ametuambia. Hata mwisho wenyewe, uko peke yako nyumbani, hukuvuka mlango wake. Ulikimbia kuita mtu. Wangapi siku hizi wangefanya hivyo? Nilikuwa na wasiwasi na wewe, mtu wa Iringa. Nisamehe. Ningekuwa na binti ningemleta kwako umfundishe."

Faustina alifungua mdomo. Upande wa pili wa jeneza Ipyana alikuwa amesimama na kaka zake, koti la baba yake mabegani. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote. Alitazama chini tu, akangoja, na Faustina akaona kwamba akisema, mwanaume huyu ataanguka palepale, na akinyamaza, itabidi wanyamaze pamoja mpaka wazeeke.

"Mtazame," Tupokigwe alisema. "Usiogope."

Shangazi wote walikuwa wamesogea, wanataka kumwona mkwe anavyomwona baba mara ya kwanza. Faustina akainama. Mzee alikuwa amenyolewa ndevu, kitambaa cheupe kimemfunga kidevu, na mdomo ulikuwa umefumbwa vizuri. Aliutazama uso ule kwa muda waliotaka, kwa mshangao waliotaka.

"Kumbe alifanana na Ipyana," alisema.

"Mno," Tupokigwe alisema, na akaanza kulia upya. "Mno, wifi yangu."

Hapo na yeye akalia. Alilia kwa sauti mpaka ikabidi wamshike wawili, na alipokuwa anaondolewa aliwasikia nyuma yake wakiambiana kwamba mkwe huyu alimheshimu sana baba yetu, tazameni, wakati hata uso hakuwahi kumwona.